Madafu ya Mkwakwani

Msimu wa 2015/16 Tanga ilikuwa na timu tatu Ligi Kuu. Vijana wa sasa nikiwasimulia wanadhani nazidisha chumvi. Timu tatu kati ya 16, zote zinacheza uwanja mmoja: Coastal Union ya barabara ya 11, African Sports ya barabara ya 12, na Mgambo JKT, timu ya jeshi kutoka Kabuku kule Handeni, nayo nyumbani kwake ni Mkwakwani. Kuna wiki ulikuwa unapata mechi Jumamosi, unapata nyingine Jumapili, na katikati ya wiki inayofuata ya tatu. Kwa mimi niliyekuwa nauza madafu nje ya geti, ule ulikuwa msimu wa neema.

Baiskeli ilikuwa ya mjomba, kaka yake mama. Mimi nilikuwa na miaka 21, nimemaliza shule sina kazi, akaniambia njoo tusaidiane. Alfajiri tunakwenda Tongoni kuchukua mzigo, tunafunga keria kwa kamba ya katani, tunarudi mjini mmoja anaendesha mwingine anasukuma kwenye mchanga. Mjomba alikuwa fundi wa dafu. Analigonga kwa kidole mara moja tu anakwambia hili dafu, hili limeshakuwa koroma, hili kidaka hakijafika. Panga lake lilikuwa jembamba kwa kunolewa miaka mingi. Anakata kichwa mapigo matatu, la nne dogo linatoboa tundu, maji hayamwagiki hata tone. Ukishakunywa analipasua katikati, anachonga kijiko kwenye kumbi lilelile, unakwangua nyama yake laini huku umesimama. Mimi ilinichukua miezi kuyapata yale mapigo matatu.

Tatizo letu lilikuwa moja: yeye Sports, mimi Coastal.

Mtu wa nje ya Tanga hawezi kuelewa jambo hili lilivyo zito. Barabara ya 11 na ya 12 ni jirani kabisa, watu wa pande mbili wanazikana na kuozana, lakini mpira ulituweka mbali. Mjomba alikuwa na hesabu yake: African Sports ilianzishwa 1936, Coastal 1948, kwa hiyo nyie ni wadogo zetu, miaka 12 mmetukuta mjini. Mimi namjibu 1988, Coastal bingwa wa Bara, Yanga na Simba wanatutazama. Naye ananimalizia palepale: mwaka huohuo wa 1988 bingwa wa Muungano, ligi ya Bara na Zanzibar pamoja, alikuwa nani? Sports! Hapo mabishano yalikuwa yanaishia kwenye kicheko, kwa sababu sote tulijua mwaka ule haukuwa wa Coastal wala wa Sports peke yake. Ulikuwa wa Tanga. Mimi nilikuwa sijazaliwa, lakini nimelelewa na 1988 kama watu wengine wanavyolelewa na habari za babu yao.

Sasa Januari 30, 2016. Jumamosi. Yanga inakuja Mkwakwani kucheza na Coastal.

Yanga ile ilikuwa haijafungwa kwenye ligi tangu msimu uanze. Ilikuwa ya kocha Hans van der Pluijm, ina Donald Ngoma, ina Amissi Tambwe aliyemaliza msimu ule na mabao 21, ina Kamusoko, ina Msuva. Coastal sisi tulikuwa chini kwenye msimamo, tunahesabu pointi mojamoja kama mtu anayehesabu nauli. Siku hiyohiyo Sports nayo ilikuwa Dar es Salaam, inacheza na Simba. Kwa hiyo mjomba alikuja kazini na simu yake mfukoni, waya wa redio sikioni, mwili uko Tanga, roho iko Uwanja wa Taifa.

Kufika saa 7 mchana barabara imeshajaa. Lazima niseme jambo lililokuwa linaniuma, na bado linaniuma. Mechi ya Coastal na timu nyingine yoyote, uwanja una watu wa kuhesabu. Ikija Yanga au Simba, mji mzima unatoka, na nusu yao wamevaa rangi za mgeni, siku ile kijani na njano ya Yanga. Watu waliozaliwa Ngamiani, waliosoma hapa, wanaokula hapa, wanakuja Mkwakwani kushangilia timu ya Kariakoo ifunge timu ya mtaani kwao. Nilikuwa nawakatia madafu na kuwapa chenji yao vizuri tu, biashara haina jezi, lakini moyoni nilikuwa nasema, ndugu zangu, Wagosi wa Kaya ndio sisi. Wenye mji ndio sisi. Tukiiacha timu hii, mgeni akija atamkuta nani nyumbani?

Jua la kaskazi lilikuwa kali, madafu yalikwenda haraka. Mjomba anakata, mimi napokea pesa. Saa 10 filimbi ilipopigwa yalikuwa yamebaki kama 20, na barabara ikawa kimya ghafla, watu wote wameingia. Tukabaki sisi, mama mmoja wa mihogo ya kukaanga, na watoto watatu juu ya mwarobaini upande wa pili. Hao watoto ndio waliokuwa macho yetu.

Kusikiliza mpira nje ya ukuta ni kazi ya masikio, na masikio yanajifunza. Mpira ukipotezwa kuna sauti yake. Kosakosa ina sauti yake, inapanda halafu inaanguka kama mtu aliyejikwaa. Siku za Coastal na Yanga ugumu ni kwamba mashabiki wamegawanyika, kelele ya bao haikwambii ni la nani. Unasubiri ngoma. Zikianza ngoma za upande wetu ndipo unapumua.

Katikati ya kipindi cha kwanza uwanja ukanyamaza. Mtoto mmoja juu ya mti akapiga kelele, "Faulu! Faulu yetu! Miraji anakuja kupiga!" Miraji Adam, beki wetu. Mjomba alikuwa ameshika dafu mkononi, panga juu, hajalishusha. Nakumbuka mkono ule. Nakumbuka jasho linavyoteremka kwenye kiwiko chake. Kisha ukuta wote ukatoa mlio ambao sijausikia tena, na wale watoto nusura waanguke. Ngoma zikafuata. Zetu.

Nilirukaruka peke yangu katikati ya barabara. Mama wa mihogo akashangilia na upawa mkononi. Mjomba akalishusha panga, akalikata lile dafu, akanipa mimi ninywe. Halikuwa na mteja.

"Hongera, mjomba," akaniambia. Huku kwetu mjomba na mpwawe wanaitana jina hilohilo.

"Na huko Dar vipi?"

Akatikisa kichwa, akageuka kupanga makumbi.

Mapumziko watu wachache walitoka, tukauza kidogo. Wa kijani hawakuwa na maneno. Mzee mmoja wa Coastal, kofia ya kiua kichwani, alikunywa dafu zima bila kupumua, akafuta ndevu, akasema, "Wametukuta nyumbani," akarudi ndani mbio kama kijana. Kipindi cha pili kikaanza, na mimi sikuweza tena kukaa. Nilitembea kutoka kwenye baiskeli hadi kwenye mti, kutoka kwenye mti hadi kwenye baiskeli. Bao la pili lilikuja bila onyo, hakukuwa na ukimya kabla yake. Lilikuja tu, kelele, ngoma, na mtoto wa mwarobaini anapaza sauti, "Mahadhi! Juma Mahadhi!" Kijana wa kwetu kabisa. Mwaka huohuo Yanga walikuja kumchukua, na sikuwalaumu.

Pale Mkwakwani, mechi ikikaribia mwisho geti lilikuwa linafunguliwa, asiye na tiketi anaingia. Lilipofunguliwa siku ile nilikuwa wa kwanza kulifikia, na askari akanyoosha mkono kifuani kwangu. Nilikuwa na panga. Nilikuwa nimempokea mjomba zamu ya kukata, nikakimbia nalo mkononi bila kujua.

"Na hilo unaingia nalo wapi?"

Hakuwa mkorofi. Alikuwa anafanya kazi yake, na ningekuwa mimi nisingemruhusu vilevile. Nikageuka. Kulikuwa na madafu saba, pesa ya siku nzima kwenye kikopo, baiskeli isiyo na kufuli. Sheria yetu ilikuwa mmoja anaingia mmoja anabaki, na kwa haki siku ile zamu ya kuingia ilikuwa ya mjomba, kwa sababu mechi iliyopita niliingia mimi. Nilirudi taratibu nimkabidhi panga lake, nibaki.

Alikuwa ameshatoa waya sikioni. Simu ameiweka mfukoni. Sports wamefungwa na Simba, sikuhitaji kuuliza, na kule chini tulikokuwa sote, kila mechi ya kupoteza ilikuwa inakata nyama. Akalipokea panga kwa upande wa mpini, akanisukuma begani.

"Nenda, mjomba. Hii ni yenu. Mimi nalinda mali."

Nilikimbia. Niliona dakika za mwisho tu, nimebanwa kwenye uzio na watu nisiowajua, mmoja amenishika shingo kama ndugu yake. Sikuona bao hata moja. Niliona jezi zetu nyekundu zimerudi nyuma zote, Yanga wanamimina mipira, mpira unatoka, unarudi, unatoka. Nyasi za upande wa goli zilikuwa zimeisha, vumbi linapanda kila beki akiteleza. Mwamuzi alipomaliza, watu wazima walilia. Mzee wa kofia ya kiua nilimwona mbali, amekaa kwenye ngazi, kofia ameivua ameishika kwa mikono miwili.

Msimu mzima Yanga ilipoteza mechi moja tu ya ligi. Ni ile. Wakachukua ubingwa kwa pointi 73. Na timu iliyowafunga, sisi, tukashika mkia.

Nimelifikiria sana jambo hili. Aprili tulikwenda Dar tukaitoa Simba kwenye Kombe la Shirikisho, 2-1. Kwa hiyo uwezo ulikuwepo. Lakini ligi ni mechi 30, na nyingi kati ya hizo hazina ngoma wala foleni ya tiketi. Ni Jumatano saa 10, jukwaa tupu, unacheza na timu iliyo chini kama wewe, na hapo ndipo pointi za kubaki zinapopatikana au kupotea. Sisi tulizipoteza hapo. Sports walizipoteza hapo. Mgambo hali kadhalika. Nafasi za kushuka zilikuwa tatu, na Mei ilipofika zote tatu zilichukuliwa na Tanga. Msimu uliofuata Mkwakwani haikuona mechi ya Ligi Kuu. Coastal ilirudi 2018. Mjomba aliacha madafu mapema zaidi, akarudi kwenye uvuvi.

Lakini jioni ile ya Januari hakuna aliyejua. Nilipotoka nilimkuta ameuza yote. Yale saba aliwauzia wa kijani waliotoka mapema, koo zimewakauka. Alikuwa ameshafagia makumbi yote, ameyajaza kwenye kiroba, kikopo cha pesa amekifunga kwa kitambaa. Mimi nikapanda keria, yeye akaendesha, tukapita katikati ya watu waliokuwa wanaimba barabara nzima mpaka magari yakasimama. Wakiona mimi nashangilia wananigusa mkono. Yeye anakanyaga tu, taratibu, anapiga kengele.

Tulipofika Makorora kelele zikawa mbali, akaanza kuhesabu. Mechi zilizobaki za Coastal, za nyumbani ngapi, za ugenini ngapi. Kisha za Sports. Kisha, bila kuulizwa, za Mgambo. Alikuwa anazijua zote kwa mpangilio, tarehe na mji. Pale tutapata tatu, pale moja inatosha, pale tusijidanganye. Hakusema nyinyi wala sisi tena, alikuwa anasema "tutapata" kwa timu zote tatu.

"Zikibaki zote," akasema, "mwakani tunanunua baiskeli ya pili. Kila mtu na yake, tunasimama mageti mawili."

Nikamwambia ya kwangu iwe nyekundu.

"Nyekundu," akasema. "Sawa."