R kumi na moja

Hapa Mombasa ukisema "nasinghomu" mtu hudhani unazungumzia kijihospitali cha kuzalia. Mimi nilijificha nyuma ya neno hilo. Kwa miezi saba, kila aliyeniuliza hali ya Baba nilimjibu, "Yuko nasinghomu," akaniombea apone upesi, nami nikaitikia amina. Kutamka "makao ya wazee" sikuweza. Mtoto wa Kuze, mtaa wa Mji wa Kale, kumpeleka babake makao ya wazee! Shangazi yangu, ambaye hakuja kumgeuza nduguye hata usiku mmoja, alinipigia simu kusema neno moja tu: "Mmemtupa." Akakata.

Tulimpeleka kwa sababu ya ngazi. Tunakaa ghorofa ya pili, ngazi zenyewe za mbao, nyembamba na za kupindapinda, na Baba ni mtu wa mwili, amefanya kazi bandarini miaka thelathini na kitu. Kiharusi kilipomuua upande wa kulia, kila siku ya kliniki ilihitaji wanaume wanne na kiti cha plastiki. Mara ya tatu nusura tuporomoke naye sote. Ndipo tukatafuta pahali ng'ambo ya daraja la Nyali: nyumba ya chini, mwembe uani, wauguzi mchana na usiku. Ndivyo tulivyoambiwa.

Niligundua kwa pua. Jumapili moja, chini ya harufu ya dawa ya sakafu, palikuwa na harufu nyingine, kama nyama iliyosahauliwa ndani ya friji siku ya stima kupotea. Nikafunua shuka, nikamwegemeza Baba ubavu. Juu kidogo ya makalio, pale mfupa unapokaribia ngozi, palikuwa na shimo la upana wa kikombe cha kahawa tungu. Ukingoni peusi, ndani ute wa manjano. Baba alinitazama asiseme kitu. Maneno aliyobaki nayo tangu kiharusi ni ya kuhesabu.

Miguuni pa kitanda palining'inia karatasi ya kumgeuza. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila saa mbili hivi, kwani nyama ikibanwa kati ya mfupa na godoro hukosa damu, ikikosa damu hufa. Karatasi ilikuwa safi. Saa mbili asubuhi, saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi, saa kumi na mbili jioni: kila mstari una tiki, kalamu moja, mkono mmoja. Nikaangalia saa yangu. Ilikuwa saa saba na nusu mchana.

Nilimwita dada wa zamu nikiwa nimeshapanga matusi yangu yote. Hakubisha. "Kaka, mchana tuko wawili," akasema. "Usiku niko peke yangu. Wazee kumi na wanne, wasiojigeuza ni sita." Mimi ni karani wa mizigo, hesabu ndiyo kazi yangu. Wazee sita, kila saa mbili, usiku wa saa kumi na mbili: mara thelathini na sita za kunyanyua watu wazima, na hapo hujabadilisha nepi hata moja. Matusi yakaniishia. Karatasi ile hakuna ambaye angeweza kuijaza kwa haki.

Lakini nilimtazama pia alivyofanya kazi, na hilo ndilo linalonikosesha usingizi zaidi ya kidonda. Alimpangusa Baba, akaenda kitanda cha pili kumfunga nepi mzee mwingine, akarudi kuuokota mfuko wa mkojo wa Baba uliokuwa umelala sakafuni badala ya kutundikwa. Glavu zile zile. Nilipomuuliza akaniambia boksi la glavu hufungiwa kabatini, naye hupewa jozi mbili kwa zamu. Bomba la kunawia liko mwisho wa ukumbi.

Homa ilikuwa imempata mara tatu kabla ya hapo. Nimezipekua risiti: kila mara sipro, vidonge vya kuua vijidudu, ya siku tatu, homa ikishuka dawa inasimamishwa. Mkojo haukupimwa hata mara moja. Na Baba alikuwa na mpira wa mkojo, ambao kila siku unayokaa nao ni mlango wazi kwa vijidudu. Mara ya nne homa haikushuka. Akawa haniiti mimi, ananiita kwa jina la marehemu ami yangu. Tukambeba hospitali.

Huko walichukua mkojo na usaha wa kidonda, wakavipeleka maabara kuotesha. Siku tatu tukangoja. Nilikuwa sijui kwamba vijidudu huoteshwa kama mchicha, kisha huwekewa dawa mbalimbali ionekane ipi inawaua. Majibu yalikuja kwenye karatasi moja. Juu jina, Klebsiella pneumoniae. Chini yake orodha ya dawa, na kando ya kila dawa herufi moja tu. S, dawa inamuweza. R, haimuwezi. Nikateremka kwa kidole kama ninavyoteremka orodha ya makontena. Amoksilini, R. Sipro, R. Seftriaksoni, ile sindano inayochomwa kwa kila kitu, R. Zilikuwa R kumi na moja. S mbili.

Daktari, kijana wa kistaarabu, alinieleza kwamba mdudu huyu hukaa tumboni mwa watu wengi bila ya ubaya. Ubaya huja akipenya pasipo pake, kwenye mkojo, kwenye damu. Huyu wa Baba alikuwa na kimeng'enya kinachovunja dawa za jamii ya penisilini kabla hazijamgusa. Tena vijidudu hupeana siri hiyo, mmoja humpasia mwenziwe hata kama si wa kabila lake. Nikawaza dirisha kwa dirisha kwetu Kuze, watu wakipeana chumvi.

Kisha akaniuliza, "Nyumbani mlikuwa mkimpa dawa gani?" Hapo nikainama. Kabla ya kiharusi Baba akikohoa nilikuwa nikishuka dukani, nanunua vidonge kumi vya amoksilini bila ya karatasi ya daktari, na muuzaji haulizi ingawa sheria inamtaka aulize. Baba hunywa vinne, akipata nafuu vilivyobaki huvitia kwenye kopo la biskuti pamoja na sindano na uzi. Alexander Fleming, aliyeigundua penisilini 1928, alionya mwaka 1945 akipokea tuzo ya Nobel kwamba dozi pungufu huwafundisha vijidudu kuizoea dawa. Kopo letu la biskuti lilikuwa chuo kamili.

Kati ya zile mbili zenye S, aliyopewa Baba ilikuwa meropenemu, kupitia mshipa, kila baada ya saa nane. Siku kumi, chupa thelathini. Kundi la familia kwenye simu, ambalo kwa kawaida ni la kutumiana dua za Ijumaa, likageuka la mchango. Shangazi alitoa kuliko wote, lazima niseme.

Usiku kwenye benchi nilisoma kwamba mwaka 2019 pekee watu takriban milioni 1.27 duniani walikadiriwa kuuawa moja kwa moja na bakteria wenye usugu kwa dawa. Nikamkumbuka mzee wa kitanda cha pili. Alishikwa na homa wiki ile ile ya Baba, akafa Alhamisi. Mwanawe yuko Jeddah. Aliambiwa ni uzee. Hakuna aliyemwotesha mkojo. Katika hesabu kama hiyo, sijui yeye alihesabiwa na nani.

Kwa msimamizi wa nyumba ile nilikwenda na kaka yangu, ambaye ameihifadhi Ibara ya 57 ya Katiba, ile ya wazee kuishi kwa heshima na kutunzwa na familia na Serikali. Msimamizi alisema wazee huja na vijidudu vyao. Hatukukaa.

Baba yuko Kuze sasa. Tumekodi chumba cha chini kwa jirani, hakuna ngazi. Kidonda kinajaa nyama nyekundu, polepole, na mpira wa mkojo umetolewa. Yule dada wa zamu tumemchukua sisi, anakuja mchana. Hana wazee kumi na wanne wala sita, ana mmoja, na sijaona mtu mwenye mikono myepesi kama yake.

Usiku ni zamu yangu. Saa nane simu inalia, nashuka, namgeuzia ubavu wa kushoto aelekee dirishani. Tulipokuwa watoto Baba alikuwa akitunusa viganja kabla hatujatia mkono kwenye sinia, na asiyenuka sabuni akarudishwa bombani. Juzi nilipomshika bega alinizuia kwa mkono wake mzima.

"Umenawa?"

Nikamwambia nimenawa. Akauvuta mkono wangu hadi puani, akaunusa, akauachia. Nikatega simu saa kumi.