Nilivyoonja mvinyo Hombolo katikati ya mvua

Sisi wa Dar tukisikia Dodoma tunawaza jua na vumbi. Kwa hiyo nilipomwambia mdogo wangu kwamba nataka twende kuonja mvinyo mwezi wa tatu, alishangaa kwa nini tusingoje kiangazi. Nilimjibu kwamba mvua ndiyo hasa niliyoifuata. Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na mvuno wa kwanza wa zabibu unaangukia humo humo. Mvuno wa pili ni wa kiangazi, kwenye Agosti. Mzabibu wa kule haulali kama wa Ulaya, mkulima akishapogoa unachipua, basi kwa mwaka mmoja shamba hilo hilo linatoa zabibu mara mbili.

Kufika Dodoma ni rahisi siku hizi, treni ya umeme imemaliza maneno. Kazi ni kutoka mjini kwenda shambani. Hombolo iko kaskazini-mashariki mwa jiji, na ukishaacha lami unakutana na udongo wa mbuga ambao ukilowa unashika tairi na hauachii. Jioni ya kuamkia safari nilitafuta dereva mzawa wa huko mwenye gari la juu, nikamwachia yeye aamue saa ya kuondoka. Akasema alfajiri, kabla makorongo hayajajaa. Tukavaa gambuti, nguo za kubadili tukazifunga kwenye mfuko wa plastiki.

Mvua kubwa ilitukuta tukiwa tumeshafika. Wavunaji walikuwa wameacha kazi, wamekaa barazani na ndoo zao, kwa sababu vichala vikikatwa vikiwa vimelowa, maji yanaingia kwenye mchuzi. Mchuzi ndiyo jina la kule la maji ya zabibu yaliyokamuliwa, na wakulima wengi huuza huo badala ya zabibu zenyewe.

Mama mwenye kiwanda, ambacho ni kidogo tu, nyuma ya nyumba yake, alituingiza chumba cha matangi. Bati lilikuwa linapiga kelele mpaka tukawa tunaongea kwa kusogeleana. Alichukua zabibu moja, akaiminya tone moja juu ya kioo cha kipimo cha sukari, akanipa nichungulie nikielekea dirishani. Ndani kuna mistari yenye namba, juu buluu, chini nyeupe, na mpaka wa rangi hizo ndiyo sukari yenyewe. Ulisimama kwenye 18. Yeye alikuwa anautaka 22.

"Wiki moja ya jua tu, mwanangu, ingefika," alisema.

Akanieleza: mizizi ikinywa sana, tunda linavimba, sukari inazimuliwa, kisha ganda linapasuka na ukungu unaingia. Kusubiri ni kuhatarisha shamba zima, na kuvuna mapema ni kupata mvinyo mwepesi. Nilimwonea huruma, tena yeye ana matangi yake. Mkulima asiye na pa kuhifadhi mchuzi, mnunuzi akichelewa siku chache katika mvua ile, jasho lake linaozea shambani. Kwa maoni yangu, matangi ya pamoja vijijini yangewafaa wakulima hawa kuliko semina.

Kwenye kuonja nilikuwa na ombi moja: anipe divai nyeupe ya zabibu ya Chenin Blanc, ya mvua na ya kiangazi za mwaka uliopita, kwa pamoja. Ya kiangazi ilikuwa nzito, ina harufu ya pera lililoiva, na inachoma kidogo kooni. Ya mvua ilikuwa nyembamba, na uchachu wake unaamsha ulimi kama maji ya ukwaju. Nilirudia glasi zote mbili kwa muda mrefu, huku nikisafisha kinywa kwa mkate na maji. Mimi nilichagua ya mvua. Mdogo wangu aliona aibu kutema mvinyo aliouonja mbele ya mtu mzima, mpaka mama akamsogezea ndoo: "Tema tu, hapa kutema ndiyo adabu."

Kwenye divai nyekundu, ile ya zabibu ya Makutupora, mvua ilitusaidia. Kwenye joto la Dodoma nyekundu ikikaa mezani inanukia pombe tupu. Siku ile chumba kilikuwa na ubaridi, na harufu ya tunda ikatoka yenyewe. Tuliinywa na karanga za kukaanga huku mama akitusimulia wamisionari Wakatoliki wa Bihawana, walioanza kupanda mizabibu miaka ya 1950 kwa ajili ya divai ya misa.

Mvua ilikatika mchana, lakini dereva alikataa kuwasha gari hadi korongo lipungue, na nilimuunga mkono ingawa mdogo wangu alishachoka kusubiri. Tulivuka saa kumi jioni, maji yakiwa chini ya nusu ya tairi. Chupa nilizonunua zote ni za mvuno wa mvua. Za kiangazi nimeweka oda kwa mama, nitazifuata mwenyewe mwezi wa nane.