"Amesema nini?"

Leo ni Jumanne na bado naisikia sauti ya Mama ikiniuliza.

Jumamosi tulikwenda Matera, mji wa mapango kusini mwa Italia, mimi na yeye, kama nilivyomwahidi tangu viza ilipotoka. Nadia alibaki Bari na baba yake. Wiki hii Nonna, bibi kizee ninayemhudumia, ameruhusiwa kutoka hospitali, mkataba wangu umeongezwa miaka 2, na Rukia kajifungua salama Tanga, alhamdulillah. Lakini nikikaa kimya, linalonirudia ni lile la ndani ya nyumba ya pango.

Matembezi yalikuwa ya Kitaliano, kwa hiyo nilikuwa nikimfasiria Mama sikioni. Tulianzia Piazza Vittorio Veneto, tukashuka chini ya uwanja hadi Palombaro Lungo, birika lililochongwa ndani ya mwamba, linalobeba karibu lita milioni 5. Mama alishika reli, akatazama juu, akasema, "Hili ni birika la msikiti wa majitu." Tukapita Sasso Barisano, mtaa wa kale wa mapango, tukapanda hadi kanisa kuu la karne ya 13, tukateremkia mtaa wa pili, Sasso Caveoso, upande wa korongo la Gravina. Ngazi hazihesabiki, na mawe yamesuguliwa na nyayo hadi yanateleza. Nililihofia goti lake. Yeye hakulalamika hata mara moja.

Kisha ile nyumba. Chumba kimoja ndani ya jiwe, kitanda kimeinuliwa juu sana. Kijana aliyekuwa akituongoza alieleza kwamba kuku walilala chini ya kitanda, nyumbu kule nyuma, kitoto kichanga kwenye droo ya kabati, na familia nzima ilikula sahani moja. Nilifasiri yote. Mama akanishika mkono, uso umemchanua. "Chini ya kitanda! Kama kwa bibi yako Muheza! Jogoo akiwika alfajiri, huna usingizi tena. Mwambie, mwanangu, mwambie."

Nikawa napanga maneno. Kabla sijafungua mdomo, kijana akawageukia wenzetu akasema kwamba watu hawa waliishi kama wanyama. Wakatikisa vichwa kwa huruma.

"Amesema nini?"

"Amesema walikuwa na nyumbu."

"Ya nyumbu ameshasema. Sasa hivi kasema nini?"

"Ni hayohayo, Mama."

Akanitazama. Akazitazama zile nyuso. Akauachia mkono wangu.

Nimelirudia hili jikoni, kwenye basi, nikimwogesha Nonna. Ningeweza kumjibu yule kijana kwamba mama yangu kalelewa hivyo na hakuwa mnyama. Kitaliano changu kinatosha, maana nabishana na madaktari kila wiki. Nimejiambia kwamba nilikuwa namkinga Mama, lakini si kweli yote. Kwa nukta moja nilimwona Bibi, na kanga yake na punje za mahindi kiganjani, kwa macho ya wale watu. Bibi aliyekuwa akifagia chini ya kitanda kile kila asubuhi kabla hajagusa chai. Hilo linaniuma kuliko neno la kijana.

Wala hakuwa kijana mbaya. Alieleza vizuri jinsi waziri mkuu Alcide De Gasperi alivyofika mwaka 1950, jinsi sheria ya 1952 ilivyoanza kuwahamisha watu wapatao 15,000 kwenda mitaa mipya, mapango yakabaki matupu, hadi UNESCO ilipouingiza mji kwenye orodha yake ya urithi wa dunia mwaka 1993. Sasa humo mapangoni mna hoteli. Hayo yote nilimfasiria Mama bila kuruka hata mwaka mmoja.

Tulipotoka tuliingia kwenye kiduka cha mihuri ya mkate, ya mbao. Zamani kila nyumba ilikanda unga wake, ikagonga muhuri wenye herufi za mwenye nyumba, ndipo mkate ukapelekwa tanuri la mtaa, ili usirudi kwa jirani. Nilipomfasiria hili Mama alicheka hadi akajishika kiuno. "Sufuria za shughuli!" Ndiyo, sufuria zetu zilizoandikwa M.K. kwa rangi nyekundu kitakoni, zinazokwenda harusi ya watu na kurudi! Mama mwenye duka, mtu mzima kama yeye, akauliza tunacheka nini. Safari hii nilimwambia kila neno, harusi, rangi, na ugomvi wa sufuria iliyopotea. Akamwita mkwewe kutoka nyuma, akataka nianze upya. Mama akanunua muhuri wenye jogoo juu, akaushika mkononi njia nzima kama mtu aliyeshika tasbihi.

Kwenye treni aliniuliza, "Yule mama ulimwambia nini hata akacheka vile?" Nikamweleza. Akamenya gamba la mkate, akatafuna pole pole.

"Kumbe maneno unayo," akasema, akageukia dirishani.

Sijamjibu hadi leo.

Jana usiku nimehesabu vidonge vyake vya presha. Vimebaki 9, kimoja kwa siku, na safari yake ya kurudi ni siku 16 kutoka leo. Jina lililoandikwa kwenye boksi alilotoka nalo Tanga, duka la dawa hapa chini wanasema hawalijui.