Faili kwanza, joho baadaye: nilivyosimamia tasnifu za kidijitali maktabani

Watu wakisikia nasimamia hazina ya tasnifu za kidijitali katika maktaba ya chuo kikuu, hudhani nashinda nikipambana na seva. Programu ndiyo iliyonisumbua kidogo kuliko vyote. Tulichukua DSpace, iliyotolewa mwaka 2002 na maktaba za MIT pamoja na kampuni ya Hewlett-Packard. Ni ya bure, na mafundi wetu wa TEHAMA waliisimika bila makelele. Wenzetu wengine wanatumia EPrints ya Southampton na mambo yao yanakwenda. Kilichonila muda ni watu, fomu, na zile kurasa za mwisho za tasnifu ambazo hakuna aliyekuwa akizisoma.

Shida ya kwanza ilikuwa kupata mafaili yenyewe. Mhitimu alikabidhi nakala iliyojalidiwa, akapiga picha na joho, akaondoka. Sisi tukabaki kumwandikia barua pepe: tafadhali tutumie nakala laini. Nani anajibu? Cheti kimeshakaa kabatini, chuo hakina tena cha kumdai. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kwa mwanafunzi wa uzamili na uzamivu cha mvunguni ni hicho cheti. Nikaona kazi yetu lazima itangulie.

Nilipopeleka hoja kwenye kamati ya masomo ya uzamili, sikuomba kanuni mpya wala fomu mpya. Nilikumbusha kwamba Virginia Tech, chuo kikuu cha Marekani, ilianza kuwadai wanafunzi wake tasnifu za kielektroniki mwaka 1997, kwa hiyo hatukuwa tunabuni gurudumu. Kisha nikaonyesha fomu tuliyokuwa nayo tayari, ile ambayo mwanafunzi huizungusha ofisi kwa ofisi kuthibitisha kwamba hadaiwi. Maktaba ilikuwa ikisaini hapo kwamba hana kitabu chetu. Nikaomba mstari mmoja uongezwe chini ya sahihi yetu: tasnifu imepakiwa na imekaguliwa. Walijadili kidogo wakakubali. Kwa anayeanza leo, ushauri wangu ni huo: tafuta karatasi ambayo mwanafunzi anaiogopa tayari, ujipenyeze humo.

Waliokuwa wagumu zaidi ni wasimamizi. Profesa mmoja alikuja ofisini kwangu mwenyewe, hakutuma mtu.

“Kazi za wanafunzi wangu hazitoki nje,” akasema. “Mkiziweka wazi zitaibwa.”

“Profesa, ikiibwa ile iliyoko kwenye rafu, tutajuaje?”

Akanyamaza kidogo. Programu za kukagua wizi wa kitaaluma hulinganisha maandishi na yale zinayoweza kuyafikia. Tasnifu iliyofungiwa chumbani mtu anaweza kuinakili sura nzima, na hakuna mashine itakayopiga kelele. Ile iliyo wazi ina tarehe, ina jina la mwenyewe, na ushahidi wake uko mbele ya kila mtu. Hakukubali yote, ila alitaja jambo la kweli: mwanafunzi wake mmoja alikuwa anataka kuomba hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi wake. Hapo alikuwa na haki kabisa. Katika nchi nyingi uvumbuzi ukishatangazwa hadharani kabla ya maombi kuwasilishwa, haki ya hataza inaweza kupotea, na tasnifu iliyo mtandaoni ni tangazo tosha.

Mazungumzo yale yalinifanya niibomoe sehemu moja ya fomu yetu ya upakiaji. Awali kulikuwa na visanduku viwili: “iwekwe wazi” na “isiwekwe wazi”. Wengi waliweka alama kwenye cha pili kwa hofu tu, na kazi zao zikabaki gizani bila kikomo. Nikakiondoa. Mahali pake nikaweka zuio la muda lenye mambo mawili ya lazima: sababu, na tarehe ya kuisha. Sababu huchaguliwa: maombi ya hataza, makala iliyoko kwa jarida, mkataba wa kitabu, au usalama wa waliohojiwa. Muda ni miezi 6, mwaka 1 au miaka 2, na anayetaka kuongeza anaandika upya kabla haujaisha. Wakati wote huo kichwa, jina la mwandishi na ikisiri vinaonekana, kwa hiyo mtafiti mwingine anajua kazi ipo na anaweza kumtafuta mwenyewe. Mtu akilazimishwa kuandika sababu, mara nyingi anagundua hana.

Sasa zile kurasa za mwisho. Niliweka utaratibu kwamba hakuna faili linaloingia kabla mmoja wetu hajalipitia kutoka jalada hadi kiambatisho cha mwisho, na wenzangu waliona nawaongezea kazi ya bure. Kisha ikaja tasnifu moja ya afya. Sura tano zilikuwa safi, lugha nzuri, majedwali yamepangwa. Kwenye viambatisho, mwandishi alikuwa ameskani fomu za ridhaa zilizojazwa: majina kamili ya wagonjwa, namba za simu, sahihi, na kwa wasiojua kuandika, alama za dole gumba. Katika sura ya tatu aliandika kwamba utambulisho wa washiriki umehifadhiwa. Nilimpigia simu.

“Dada, hizi fomu za ridhaa zitaonekana dunia nzima.”

“Msimamizi aliniambia niambatishe ushahidi.”

“Mwachie mtahini ushahidi. Hapa weka fomu tupu, isiyojazwa.”

Alirekebisha siku hiyohiyo, na baada ya hapo hakuna mwenzangu aliyelalamikia kazi ya ukaguzi. Tangu hapo tunaangalia orodha ya waliohojiwa, picha za watoto, ramani zinazoonyesha nyumba ya mtu, na ukurasa wa uthibitisho wenye sahihi za wasimamizi na watahini. Ukurasa huo hauwekwi kwenye faili la umma. Sahihi iliyoskaniwa vizuri ni zawadi kwa mghushi wa nyaraka. Unakaa kwenye faili la pili lililofungwa, chini ya rekodi ileile, na nakala ya umma inabaki na majina yaliyochapwa.

Kwenye metadata, yaani taarifa zinazoieleza kila tasnifu, niseme machache, ingawa hapo ndipo wakutubi tunapopenda kubishana. Vipengele 15 vya Dublin Core, kiwango cha jumla cha kueleza nyaraka, ni msingi mzuri lakini havijui shahada ni nini. Kiwango cha ETD-MS, kilichoandaliwa na NDLTD, mtandao wa kimataifa wa tasnifu za kidijitali, huongeza jina la shahada, ngazi yake, fani na chuo kilichoitoa. Idara tuliziweka kwenye orodha ya kuchagua, maana zikiandikwa kwa mkono idara moja huzaa watoto wengi. Tarehe nazo zina ugomvi wake: mwaka wa utetezi, mwaka wa mahafali na mwaka wa kupakia vinaweza kuwa vitatu tofauti. Sisi tunafuata ulioko kwenye jalada. Jina la mwandishi pia linatoka kwenye jalada, na mwenye namba ya ORCID, ile ya kudumu inayomtambulisha mtafiti mmoja mmoja, tunaiunganisha, kwa sababu mtu huyohuyo ana majina matatu kwenye tasnifu, mawili kwenye fomu, na herufi za mwanzo tu kwenye makala zake.

Kushiriki na wengine kulikuwa rahisi kuliko nilivyotarajia. DSpace inazungumza OAI-PMH, itifaki ya kuruhusu mifumo mingine ichukue rekodi zako, ambayo toleo lake la 2.0 lilitoka mwaka 2002. Ukifungua mlango huo, wavunaji wanakuja wenyewe kuchukua rekodi, na mafaili yanabaki kwako. Tulijisajili NDLTD, na rekodi zetu zikaanza kuonekana kwenye utafutaji wao wa kimataifa. Google Scholar ndiyo iliyotaka uvumilivu. Maelekezo yake yanataka kila faili lisizidi MB 5, na yanataka maandishi ambayo mashine inaweza kuyasoma. Tasnifu zetu nyingi zilikuwa nzito kwa sababu ya picha za rangi, na nyingine zilikuwa picha tupu za kurasa. Tukaanza kupunguza uzito wa nakala ya umma na kuweka ile kamili pembeni. Za zamani tunaziskani kwa dpi 300, kisha zinapitishwa kwenye programu ya kutambua maandishi. Tarakimu za majedwali hukosewa mara nyingi, kwa hiyo nakala iliyotambuliwa ni ya kutafutia tu. Anayenukuu aangalie picha ya ukurasa.

Viungo tunavitoa kwa mfumo wa Handle, unaolipa kila faili anwani ya kudumu hata likihamishwa, kamwe si anwani ya seva. Vyuo hubadili tovuti kama watu wanavyobadili simu, na mtu aliyekunukuu hana habari.

Suala la hifadhi lilikuwa halipati fedha hadi Oktoba 2023, wahalifu wa mtandao walipoishambulia Maktaba ya Uingereza. Huduma yake ya tasnifu, EThOS, yenye rekodi zaidi ya nusu milioni, ikazimika pamoja na mifumo mingine. Niliichapa habari hiyo kwenye karatasi nikampelekea mkuu wa maktaba bila kuongeza neno. Tukapata diski za nakala rudufu zinazokaa jengo jingine, zisizounganishwa na mtandao ila wakati wa kunakili. Mafaili mapya tunayataka kwa PDF/A, kiwango cha ISO cha mwaka 2005 kinachobeba fonti zake ndani. Kila faili lina namba yake ya uhakiki, na mfumo huikokotoa upya kila baada ya muda. Ikibadilika hata tarakimu moja, tunajua faili limeharibika, na tunarudisha nakala nzima kabla msomaji hajagundua.

Bado wapo wanaotuandikia miaka kadhaa baada ya kuhitimu wakitaka tubadilishe faili kwa sababu wameona kosa. Hatubadilishi. Kilichotetewa mbele ya watahini kinabaki kilivyo, na marekebisho yanapakiwa pembeni yake yakiwa na tarehe yake.

Kinachoendelea sasa ni CD zilizokuja na nakala za zamani. Nyingine zinasomeka, nyingine zina michubuko, na kompyuta mpya za ofisini hazina hata mahali pa kuzitia. Tumepata kisomaji cha nje cha kuchomeka. Mwenzangu anazipitia rafu kwa rafu, isiyosomeka anaiandika kwenye daftari, na nakala yake ya karatasi inakwenda kwenye foleni ya skana.