Siku Moja Maishani Mwangu: Nikifundisha Kwa Nini Volkano Huchagua Mahali

Saa 12 asubuhi. Kabla ya yote nafungua ramani ya matetemeko ya usiku. Vidoa vimejipanga palepale: kutoka Chile kupanda hadi Alaska, kisha kushuka Japani, Ufilipino, Indonesia mpaka New Zealand. Takriban robo tatu ya volkano hai za nchi kavu ziko kwenye mkanda huo unaoizunguka Pasifiki. Naichapisha, naingia darasani.

Saa 2. Nawaomba wanafunzi wachore tumbo la dunia. Karibu wote wanachora bahari nyekundu ya moto. Nawaambia mwamba wa chini, ingawa joto lake linapita nyuzi 1,000, ni mgumu. Uzito wa miamba iliyo juu yake unaubana usiyeyuke. Kama kungekuwa na bahari ya moto, volkano ingechomoza popote. Kwa hiyo tujiulize: ni nini kinachouyeyusha huu mwamba hapa, na pale kikaushindwa?

Pengine ni kupunguziwa mzigo. Mabamba ya dunia, yaani vipande vikubwa vya ganda lake, yakitengana, mwamba moto hupanda, mbano hulegea, nao huyeyuka bila kuongezewa joto. Ndivyo ilivyo Iceland na kwenye Bonde la Ufa. Pengine ni maji: sakafu ya bahari huzama chini ya bamba jingine ikiwa imebeba maji ndani ya madini yake. Kwenye kina cha kilomita 100 hivi, maji hayo hupenya mwamba moto ulio juu na kuulainisha, kama chumvi inavyoyeyusha barafu. Hawaii iko katikati ya bamba, mbali na kingo zote. Mwaka 1963 mwanajiofizikia wa Kanada, J. Tuzo Wilson, alieleza kwamba bamba linapita juu ya chanzo cha joto kilichotulia, ndiyo maana visiwa vinazidi kuwa vya kale kadiri unavyoelekea kaskazini-magharibi.

Saa 4. Binti mmoja ananyoosha mkono: "Mwalimu, mbona Himalaya hakuna volkano, na mabamba yanagongana?" Swali hili nalipenda kuliko yote. India na Asia zote ni ganda nene na jepesi la bara, hakuna linalokubali kuzama, wala hakuna sakafu ya bahari yenye maji. Zamani ilikuwepo. Mawe ya volkano yaliyobaki kusini mwa Tibet ni ushahidi wa bahari iliyomezwa kabla ya mgongano.

Saa 7. Maabara. Kipande cha basalti, jiwe jeusi la volkano, kilichosagwa mpaka unene wa milimita 0.03, chini ya hadubini. Fuwele za madini ya olivini zinang'aa buluu na waridi.

Saa 9. Naandaa mchoro wa kesho: milima ya Andes, Amerika Kusini. Kati ya Ecuador na kusini mwa Peru kuna pengo la kilomita 1,500 hivi lisilo na volkano hai, ingawa sakafu ya bahari inazama pale vilevile na ardhi hutetemeka vikali. Bamba linalozama halichimbi chini. Likifika kina fulani hulala karibu bapa, likaufukuza mwamba moto ambao maji yangeuyeyusha. Kuzama peke yake hakutoshi! Nimechora mara tatu, bado mstari hauonyeshi vizuri ule ulalo.

Saa 12 jioni. Nasahihisha michoro ya pili ya darasa. Miwili bado ina bahari nyekundu. Kesho nitaanza na hao wawili.