Manete ya zamani iwe chombo cha muziki

Manete mbovu, yaani vidhibiti vya mkononi vya michezo ya video, hazikosekani kwa mafundi wa Kadutu, hapa Bukavu. Usizitupe. Vijiti viwili vina poteshometa nne (vikinzani vinavyobadilika kijiti kikisogezwa), mara nyingi za kiloomu 10, na hizo ndizo mali yenyewe.

Tafuta Arduino (kibao kidogo cha elektroniki kinachopangiwa programu) yenye chipu ya ATmega32U4, kama Pro Micro, maana ukiipakia programu ya MIDIUSB, kompyuta huitambua kama chombo cha MIDI, yaani lugha ya kidijitali ya vyombo vya muziki. Miguu ya pembeni ya poteshometa iende kwenye volti 5 na ardhi (GND), wa kati kwenye pini ya analogi. Namba 0 hadi 1023 inayosomwa hapo igawe kwa 8, upate 0 hadi 127.

Kijiti kikiachiwa hakirudi katikati sawasawa, ndiyo maana sauti hutetemeka. Acha eneo bubu, lisilotuma chochote, la kama 30 kila upande wa 512 (katikati), na utume ujumbe namba ikisogea zaidi ya 8 tu.

Vitufe vinahitaji subira. Kaboni nyeusi iliyo chini yake kwenye bodi haishiki risasi ya kulehemu kabisa! Kwaruza rangi ya kijani juu ya njia ya shaba iliyo jirani mpaka ing'ae, ndipo ulehemu waya mwembamba. Kata pia njia inayoelekea chipu ya zamani ya manete, la sivyo itavuruga usomaji.