Springi za nyuma za Hilux ya mzigo: nilivyochagua mimi

Wakuu habari za kazi. Nina Hilux Vigo singo kebini, kazi yake kushusha mboga kutoka Lushoto kwenda Tanga mjini, karoti na kabichi zaidi, saa nyingine viazi. Kwenda imejaa, kurudi tupu au na vitu vidogo vidogo vya duka. Hiyo ya kwenda imejaa na kurudi tupu ishikeni, maana ndo iliyoamua kila kitu, na ndo swali ambalo mafundi wengi hawakuulizi kabisa, ukifika tu na gari imekaa chini nyuma unaambiwa ongeza springi mbili bosi, yaani vyuma bapa viwili zaidi kwenye fungu la springi za nyuma, imeisha hiyo.

Kabla sijamsikiliza fundi yeyote nilichukua tepu nikapima gari ikiwa tupu, kutoka katikati ya haba ya tairi mpaka ukingo wa madigadi juu yake. Nyuma sentimita 53, mbele 49. Nikapakia mzigo wa kawaida nikapima tena palepale: nyuma 40, mbele 51. Watu wengi wanaangalia tu nyuma imeshuka kiasi gani, ila mimi kilichonishtua ni ile mbele kupanda. Mbele ikipanda maana yake tairi za mbele zimepungukiwa uzito, usukani unakuwa mwepesi, breki za mbele hazishiki vizuri na taa usiku zinawamulika wenzako machoni. Sasa jiulize unashuka Soni kwenda Mombo na gari ya hivyo, zile kona unazijua.

Nikataka kujua mzigo wenyewe ni kilo ngapi. Hapa ndo kuna mtihani, maana ukiambiwa gunia kumi huwezi kupiga hesabu, huku lumbesa bado zipo japo sheria inasema gunia lisizidi kilo 100, lile la kilemba juu limeshonewa kamba nani anajua lina ngapi. Nikapitisha gari kwenye mzani wa watu wa mazao, kwanza yote, halafu nikasogeza zikabaki tairi za nyuma peke yake juu ya mzani. Kadi ya gari ina uzito wa gari tupu na uzito wa juu kabisa, toa mmoja kwenye mwingine unapata unachoruhusiwa kubeba, ila humo humo kuna wewe dereva, kuna utingo, na tenki la lita 80 likijaa dizeli peke yake ni karibu kilo 67. Kwa hiyo ile tani moja tunayoitaja kijiweni siyo tani moja ya karoti.

Nilikuta jumla niko ndani ya kiwango, kwa kubanana lakini niko ndani, ila nyuma nimelundika sana. Sababu ni upakiaji. Vijana wanapanga magunia kuanzia mlango wa nyuma kwa sababu ndo rahisi kushusha sokoni. Hilux hii kutoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma ni milimita 3085, ukiweka kilo 100 mita moja nyuma ya ekseli ya nyuma, ile ekseli inabeba kilo 132 na mbele inanyang'anywa 32. Ni hesabu ya mzani wa kubembea tu. Tulivyoanza kupanga magunia mazito yakigusa kebini na kabichi ndo zikae mlangoni, gari ilinyanyuka nyuma sentimita kadhaa na hata shilingi sijatoa. Ukiwa unasoma hapa na hujajaribu hilo, jaribu hilo kwanza.

Bado ilikuwa inagonga chini kwenye rafu rodi huku vijijini, kwa hiyo nikaingia kwenye kuchagua.

Kuongeza springi ndo njia ya wote, rahisi, vyuma vipo kila mahali, fundi anakutolea springi ya gari kubwa iliyokufa anaikata anaiweka. Inabeba kweli, sikatai. Shida ni kwamba ile springi ipo muda wote, huwezi kuivua ukishashusha mzigo. Nimewahi kupanda gari ya mwenzangu aliyeongeza mbili nene, ikiwa tupu kwenye vumbi lenye makorongo nyuma inarukaruka mpaka mkia unataka kupita mbele, na ikirukaruka hivyo tairi haliko chini na breki hamna. Mtu ambaye gari yake imefungwa jenereta au mashine ya kuchomelea haitoki, huyo aongeze springi, au anunue seti nzima ya springi nzito zinazouzwa kwa uzito wa kubeba muda wote, Old Man Emu wanazo za hivyo. Mimi nusu ya safari zangu ni tupu.

Nikaangalia eabegi, sio za usukani, ni yale mabegi ya upepo yanayokaa kati ya ekseli na chesesi (fremu ya chuma inayobeba gari), Firestone wanatengeneza, Air Lift wanatengeneza. Hizi nilizipenda sana kusema ukweli. Una mzigo unajaza upepo, umeshusha unapunguza unabakiza kidogo tu begi lisijikunje, na unaweza kulisawazisha gari kushoto na kulia. Jamaa yangu Korogwe kafunga kwenye pikapu yake ya Ford Ranger anavuta trela na hana malalamiko, ila yeye ni wa lami. Kwangu zilikwama kwa mambo mawili. Begi ni raba na upepo, mawe na matope ya huku yanaipiga kila siku, likitoboka la upande mmoja nimejaza naning'inia kona ya mlimani gari inalala upande, na spea Lushoto hakuna. La pili ni chesesi. Springi inashika chesesi sehemu mbili mbali mbali, mbele na nyuma, begi linasukuma sehemu moja katikati, ukizidisha mzigo nyuma ya ekseli halafu ukajaza upepo ili gari ionekane iko sawa, unaikunja chesesi pale pale. Waaustralia wanaobeba vibanda vya kulala nyuma ya pikapu wamezikunja nyingi tu kwa mtindo huo.

Ya tatu ni raba nene zenye uwazi ndani, zinakaa mahali pa zile raba ndogo za stopa chini ya chesesi zinazozuia ekseli isigonge chuma, Timbren ndo jina linalojulikana. Gari ikiwa tupu haziguswi kabisa, gari inatembea na springi zake za kampuni. Ukipakia inashuka inazikalia, na kadri unavyozikandamiza ndo zinavyozidi kuwa ngumu. Hakuna upepo, hakuna kutoboka. Hii ndo niliyochukua, kwa zile safari zangu za kwenda nimejaa kurudi tupu hakuna iliyonikaa vizuri kuliko hii.

Lakini kabla ya kufunga, springi zenyewe ilibidi ziangaliwe maana raba haifufui springi iliyochoka. Nikaenda kwa mzee mmoja wa springi pale Korogwe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hiyo ya kulia imelala, ya kushoto bado inapumua. Unabeba nini?"

"Mboga mzee. Kwenda najaza, narudi tupu."

"Basi usiniambie niongeze chuma."

Nilimpenda hapo hapo. Akafungua zote mbili, akailaza ile ya kushoto ubavu sakafuni, akachukua chaki akachora mgongo wake kuanzia jicho hadi jicho, yale matundu ya miishoni. Halafu ya kulia akaichambua moja moja, akaiweka juu ya fuawe na nyundo kubwa, anagonga kwa hatua ndogo ndogo akianzia katikati, kila baada ya muda anairudisha kwenye ule mchoro wa chaki anaangalia wapi inaachia mwanga. Hakuna moto kabisa. Nikamuuliza mbona wengine wanapasha kwa gesi, akasema ukiipasha hovyo springi inakuwa chuma cha dirisha, itakaa kwenye umbo wiki moja halafu inalala. Bushi za kwenye macho akaweka mpya, senta bolti inayoshika vyuma vya springi pamoja katikati mpya, na yubolti, zile za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, akakataa kurudisha za zamani, anasema zikishavutika hazikazi tena, na yubolti ikilegea senta bolti inakatika ekseli inahama gari inatembea ubavu. Akanisisitiza nirudi zikazwe tena baada ya kutembea kidogo na mzigo, nikarudi, na kweli zilikuwa zimeachia robo duara hivi.

Raba kufunga ni kazi ya dakika, ile nafasi tu ndo ya kuangalia, gari ikiwa tupu lazima ubaki uwazi kati ya raba na ekseli, mimi kidole kinapita. Zikigusa tupu umerudi kule kule kwa springi ngumu.

Sasa kuna kitu ambacho fundi wa kawaida hakigusi. Chini ya Hilux nyingi za hivi nyuma kuna valvu ya breki yenye kifimbo kinachotoka kwenye ekseli kwenda kwenye chesesi. Gari ikishuka kifimbo kinasukuma, valvu inajua kuna mzigo inaruhusu breki za nyuma zishike zaidi. Wewe ukinyanyua gari, iwe kwa springi, upepo au raba, valvu inadhani uko tupu na inabana breki za nyuma wakati una karibu tani nzima mgongoni. Yangu nilipeleka kwa fundi mwenye geji za kupimia presha ya breki akairekebisha na mzigo ukiwa juu. Kwa mteremko wa Soni hilo nililiona kubwa kuliko springi zenyewe. Tairi nazo angalia namba ya mzigo ubavuni, 110 ni kilo 1060 kwa tairi moja, 112 ni 1120, na hiyo ni kwa presha yake kamili.

Mzigo ule ule sasa nyuma inakaa 45 na mbele 49 na nusu. Taa zinamulika barabara. Kugonga chini kumeisha, ila nisiwadanganye, ikijaa kwenye rafu rodi inakuwa ngumu kuliko zamani, mgongo unajua, na utingo analalamika. Trafiki wala mzani havijui una raba, uzito ulioandikwa kwenye kadi ni ule ule.

Wenye Nissan Navara hizi mpya za dabo kebini zenye koili nyuma (springi za kujizungusha, sio za vyuma bapa), haya ya kugonga springi hayawahusu, kwenu kuna vibegi vya upepo vinavyoingia ndani ya koili, vinakingwa na koili yenyewe na mawe hayavifikii kirahisi. Ningekuwa na Navara ningeanzia hapo.